Namba Saba Wanasema Wako Wawili

Jumamosi, Agosti inaelekea kuisha. Upepo umevuma tangu asubuhi, ule mkavu wa baridi unaopenya hadi ndani ya mikono ya koti. Roho yangu haijatulia, na si kwa sababu ya baridi.

Asubuhi nikipika chai nilimsikia mtangazaji wa redio akitaja idadi ya watu wa Sydney. Aliitaja kama mtu aliyesimama mlangoni akawaona wote wakipita. Mume wangu Simiyu, ambaye ni mhasibu na akishaona tarakimu haulizi tena, akatikisa kichwa kukubali. Mimi nikazima redio.

"Sasa umezima kwa nini?" akauliza.

"Hao watu wamehesabiwa na nani?"

"Si na nyinyi?"

Ndiyo. Na sisi. Hapo ndipo shida yangu ilipo.

Niwaeleze mnaopita hapa kwa mara ya kwanza. Kazi yangu ya siku zote ni kuwatunza wazee katika nyumba moja ya wazee isiyo mbali na kwangu, Quakers Hill. Mwezi huu nimechukua pia kazi ya muda ya karani wa sensa. Watu wengi hujijazia wenyewe kwenye mtandao. Sisi makarani tunatumwa kwa wale ambao hawajajibu. Unabisha hodi, unatabasamu, unaeleza, unaondoka. Kwa sababu nasema Kiswahili, nilipewa mitaa ya Merrylands, ambako kuna Wakongo wengi, na Warundi, na sisi Wakenya wachache. Treni ni moja tu kutoka kwangu, sibadilishi popote. Nilidhani ni kazi nyepesi.

Sikujua kwamba ningeanza kumshuku kila mtu anayenifungulia mlango.

Ilianzia kwenye jengo moja la fleti za matofali mekundu, nyuma ya barabara kubwa ya maduka. Mlango namba saba ulifunguliwa kiasi cha uso mmoja kupita. Alikuwa mwanamume wa makamo, Mkongo, shati limefungwa vifungo hadi shingoni. Nilipomsalimia kwa Kiswahili uso wake haukufunguka kama nilivyotarajia. Ulijifunga zaidi.

"Hapa tuko mimi na bibi yangu tu, dada," alisema. "Batu ingine hakuna."

Nyuma yake mtoto alianza kucheka, kicheko kikakatika ghafla kama kilichozibwa kwa kiganja. Harufu ya sombe, kisamvu cha Wakongo, ilikuwa ya sufuria kubwa, si ya watu wawili. Nilipokuwa nakuja nilikuwa nimeona kwenye roshani yao sare za shule zimeanikwa, sweta kubwa, sweta la kati, sweta dogo sana.

Nikamwangalia. Akaniangalia. Kila mmoja alijua kwamba mwenzake anajua.

Nikaandika wawili.

Karani haruhusiwi kupekua nyumba. Unaandika ulichoambiwa. Lakini nilirudi kituoni nikiwa nimekasirika, na nikiwa na mawazo mabaya ambayo sijivunii kuyaandika hapa. Kwa nini mtu afiche watoto? Ni wake kweli? Kuna mtu anafungiwa humo ndani? Kazini tumefundishwa kuwa macho, na ukishafundishwa kuwa macho huwezi kuyafumba ukitaka. Safari nzima ya treni nilikuwa napima kama niseme mahali au ninyamaze.

Nilimweleza Simiyu. Akasema kwa jiji kubwa kama hili, mmoja akificha watano na mwingine akiongeza watano, mwishoni inajisawazisha.

Nani anaongeza? Nimebisha milango wiki nzima na sijakutana na mtu hata mmoja aliyejiongezea watu. Wote wanapunguza.

Siku chache baadaye nilirudi kwenye jengo lile kwa ajili ya mlango mwingine. Pale kwenye masanduku ya barua alikuwa amesimama kijana wa suti ya bluu, viatu vinang'aa, funguo nyingi mkononi. Alikuwa ajenti anayesimamia zile fleti kwa niaba ya mwenye jengo. Aliona kitambulisho changu cha shingoni akafurahi kupita kiasi. Alinisifia kazi, akasema lazima ni ngumu kwa baridi hii. Halafu, kwa Kiingereza laini kabisa, akauliza kama nimeshafika namba saba.

"Familia kubwa ile, sivyo?"

Nilimwambia siwezi kuzungumzia nyumba ya mtu.

Akacheka. Alisema haulizi kwa ubaya, ni mambo ya usalama tu, moto ukizuka lazima wajulikane wako wangapi. Mkataba wao ni wa watu sita. Yeye anasikia vishindo vya watu wengi zaidi ya hao. Sihitaji hata kusema neno, alisema. Nitikise kichwa tu.

Nakiri kwamba kwa muda mfupi nilikuwa upande wake. Nami si nilikuwa nimesikia kicheko? Nami si nilikuwa nimedanganywa kwa macho makavu? Halafu nikaona jinsi alivyokuwa akiangalia kichwa changu. Alikuwa anakisubiri. Hakuwa akiwaza moto wowote.

"Sheria inanikataza," nikamwambia. "Siwezi kukuambia wako wangapi. Siwezi kukuambia hata kama kuna mtu."

"Mbona unanifanya kama adui?"

"Siwezi kukuambia. Na ukiniuliza tena nitaandika kwamba umeniuliza."

Tabasamu likaondoka. Akatoa simu, akapiga picha kitambulisho changu, jina langu na uso wangu, akaingia kwenye gari lake. Huu ni mwaka wa kumi na kitu naishi nchi hii na bado mtu wa suti akinipiga picha naanza kutafuta kosa langu.

Jioni ile msimamizi wangu, Denise, akanipigia. Denise ni mama wa Kiaustralia wa makamo, mtaratibu, alikuwa mwalimu. Alisema kuna mtu amelalamika kwamba nilikuwa mkali na kwamba nilizurura kwenye jengo bila sababu. Nikamweleza yote. Alisema ananiamini. Lakini nisiende tena jengo lile mpaka malalamiko yashughulikiwe.

"Na wale ambao hawajahesabiwa?" nikauliza.

Akanieleza bila wasiwasi wowote. Nyumba isiyopatikana haiachwi tupu. Kompyuta huangalia nyumba zinazofanana nayo, kisha huiwekea watu wa kukisia, wa umri na jinsia za kukisia. Ni hesabu za kitaalamu, alisema, na zimepimwa vizuri.

Nikashukuru, nikakata simu, nikakaa.

Kwa hiyo katika ile idadi wanayoitangaza kuna watu waliotungwa. Wamelala kwenye vyumba vya kukisia, na watoto wao wa kukisia wanaenda shule. Na wale wa kweli, wenye sombe na masweta, wamezibwa midomo kwa viganja.

Sasa nikaanza kumshuku hata Denise. Anifukuze kwenye jengo kwa neno la ajenti mmoja? Au ni ndugu wa huyo ajenti? Wazo la kijinga, najua. Naliandika kwa sababu nilikuwa nalo.

Jumapili tulikwenda ibada ya Kiswahili, ile inayofanyika alasiri katika ukumbi wa kukodi, Wakongo na Wakenya na Warundi pamoja, kila mtu na Kiswahili chake. Baada ya ibada mwanamke mmoja mwenye kitenge cha njano akanijia nikiwa napanga viti. Sikumfahamu.

"Dada, mimi ni bibi ya Papa Amani. Namba saba."

Nikasimama na kiti mkononi.

"Ile siku nilikuwa nyuma kule, naanika nguo. Yule ajenti alikuuliza sana. Nilisikia yote." Aliongea polepole, akiniangalia kinywani badala ya machoni. "Kwa nini haukumwambia? Batoto haukuwasikia?"

"Niliwasikia."

"Sasa?"

"Sikutumwa kwa ajili yake."

Mtoto wa mtu alipita akikimbia na biskuti. Halafu akanieleza. Dada yake Zawadi alikuwa akiishi Campbelltown na wanawe wawili. Nyumba waliyopanga iliuzwa, mwenye kununua akataka kuingia, na Zawadi hakupata nyingine. Wote wakaja Merrylands. Mama yao naye, koko wa watoto, akawafuata. Wanalala kwa zamu, kwa sababu Zawadi yuko zamu ya usiku kwenye bohari. Papa Amani anatafuta nyumba kubwa zaidi, ila kila akipiga simu jina lake likisikika nyumba inakuwa imeshachukuliwa.

"Kambini, ukihesabiwa ndiyo unakula," akasema Mama Amani. "Tulikuwa tunakimbia kuhesabiwa. Hapa tunaogopa ukihesabiwa unatolewa nje. Papa Amani alisema, huyu Mkenya anajua Kiswahili, ndiyo mbaya zaidi. Ataenda kusema kwa watu."

Nikaumia. Kisha nikakumbuka nilivyokuwa nikiwawazia mimi, nikaona sina haki ya kuumia sana.

"Kuja," akasema. "Tumeongea. Tuko tayari."

Hapa ningependa kuandika kwamba nilifurahi. Ukweli ni kwamba nilijiuliza wanataka nini. Watu waliojificha wiki mbili, leo wako tayari? Nilihisi labda watataka niwaandikie barua ya nyumba, au niwe shahidi wao, au wananitega kwa jambo nisilolijua. Niliitikia, lakini nilipofika nyumbani nilimpigia Denise nikamwomba twende wote. Nilitaka shahidi wangu mwenyewe.

Denise alikubali. Alisema malalamiko yameangaliwa na hayana msingi, na kwamba ajenti hakuwa na haki ya kuuliza. Alisema hivyo kwa sauti ileile aliyonifukuzia. Bado sijui niichukulieje sauti ya Denise.

Leo mchana ndipo tukaenda.

Papa Amani alifungua mlango wote. Nilikuwa sijauona ukiwa wazi. Amevaa koti la suti. Sebuleni magodoro yalikuwa yamesimamishwa ukutani na kufunikwa kwa shuka safi, na mbele yake familia nzima imepangwa kama inayopigwa picha ya harusi. Watoto wamepakwa mafuta usoni. Zawadi, ambaye alipaswa kuwa amelala, alikuwa amekaa wima na macho mekundu ya usingizi, mdomoni rangi nyekundu.

Walikuwa wamevaa nguo za kanisani ili wahesabiwe.

Ilinibidi nijifanye natafuta kitu kwenye mkoba.

Tukaanza. Papa Amani, Mama Amani, watoto wao wanne. Niliuliza kwa Kiswahili na watoto wakanijibu kwa Kiingereza, kila mmoja akitaja jina lake kwa sauti ya mtu anayeitwa darasani. Mdogo kabisa alitaka kujua kama atapewa cheti. Zawadi na wanawe wawili. Zawadi aliuliza kama yeye anafaa, maana usiku ule wa sensa alikuwa kazini. Denise akaeleza, nami nikatafsiri: kama ulirudi asubuhi na hakuna mahali pengine ulipoandikwa, unahesabiwa hapa.

"Basi niko," akasema, na akacheka kwa mara ya kwanza.

Tisa.

Lugha ya nyumbani? Papa Amani akataka kusema Kifaransa. Nikamuuliza, mnaongea Kifaransa hapa ndani? Akatafakari. Hapana, Kifaransa ni cha kuandikia. Alidhani wanataka lugha ya heshima. Nikaandika Kiswahili, na nikajiuliza ni nyumba ngapi za Merrylands zimeandika lugha ya heshima.

Halafu tukafika kwa koko.

Alikuwa kwenye kiti pekee chenye mikono, kilemba kipya kichwani, miguu haifiki vizuri sakafuni. Alikuwa ameniangalia muda wote kwa macho makali, akisubiri zamu yake. Mwaka wa kuzaliwa hakuujua. Alijua tu kwamba alizaliwa wakati wa kupalilia maharage. Kwenye makaratasi ya ukimbizi walimpa tarehe mosi ya Januari, kama walivyowapa wenzake wote. Nikamuuliza alilala hapa usiku ule?

"Alikuwa hospitali," akajibu Mama Amani. "Kifua. Walimlaza."

Nikamgeukia Denise. Denise akatikisa kichwa kwa upole. Aliyelala hospitali anahesabiwa hospitalini. Tukimwandika hapa tena, atakuwa watu wawili.

Nikamweleza koko. Nilijaribu kuchagua maneno. Alisikiliza hadi mwisho.

"Nani alinihesabu kule?"

"Wauguzi, koko. Wanawahesabu wagonjwa wote."

"Hakuna mtu alikuja kuniuliza. Jina yangu hawawezi hata kuitamka. Walikuwa wananiita *darling*."

Najua jinsi tulivyohesabu sisi kwenye nyumba yetu ya wazee. Usiku ule muuguzi wa zamu alinakili majina kutoka ubaoni, na ubaoni bado kulikuwa na jina la mzee aliyefariki mchana. Nilimwonyesha, akalifuta, akanishukuru. Je, kama ningekuwa likizo? Na je, wodi ya koko ilikuwa na mtu wa kuangalia ubao?

Nikamwomba Denise tena. Nilisema huenda hakuandikwa popote. Denise alisema huenda, lakini sheria ikisema hospitali, ni hospitali, na mimi na yeye hatuwezi kumwandika mtu kwa kushuku tu. Alikuwa sahihi. Nilimchukia kidogo kwa kuwa sahihi.

Koko aliona kidole changu kimesimama juu ya tableti.

"Basi mimi niko wapi?" akauliza.

Hakuuliza kwa huzuni. Aliuliza kama mtu aliyepotezewa mzigo anavyomuuliza mwenye stoo.

Nilimshika mkono. Nikamwambia uko hapa, koko, mbele yangu, nakuona. Akaniambia hilo analijua. Alikuwa anauliza kuhusu kule kwenye mashine.

Nimetuma tisa.

Papa Amani alitusindikiza hadi ngazini. Nilisubiri aombe kitu, ile barua au lile neno la kuwatetea. Hakuomba. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema merci, akasema Jumapili tutaonana. Hakukuwa na mtego wowote. Nilikuwa nimeubeba mwenyewe kutoka Quakers Hill.

Ajenti hajarudi, kwa ninavyojua. Na akirudi, hatapata kwangu wala kwa Denise. Hilo angalau nina hakika nalo, na kwa mwezi huu hakika ni kitu adimu kwangu.

Denise aliteremka kwenda kuwasha gari. Mimi nilikuwa nimebakiza mlango mmoja, namba nane, ambao haujawahi kufunguliwa. Nikabisha bila matumaini. Ukafunguliwa. Mwanamke wa makamo, Mzungu, kardigani ya kijivu, mstaarabu sana. Akaomba radhi kwa kuchelewa kujibu. Alisema anaishi peke yake, tangu miaka mingi, yeye tu.

Nikaandika mmoja. Nikamtakia siku njema.

Alipokuwa anafunga mlango, ndani kabisa ya ile fleti mwanamume akapiga chafya.

Mwanamke akaniangalia. Nikamwangalia. Mlango ukajifunga taratibu.

Nimekaa hapa jikoni na chai imepoa, Simiyu anatazama mpira, na najiuliza nimfanyeje yule wa chafya. Huenda ni mgeni wa mchana. Huenda ni mume anayeficha kitu, au anayefichwa. Huenda ni televisheni. Jumatatu nitarudi nibishe tena, nitabasamu, niulize lilelile. Nitaandika nitakachoambiwa.

Je, nitaamini?